Shamba la Juu, Kiwanja cha Chini: Mjadala wa Maji ya Chai

Hoja iliyo mezani ni moja: mashamba ya Maji ya Chai yaendelee kukatwa viwanja, au yaachwe yabaki mashamba? Hoja hii inajadiliwa kila siku, ndani ya kosta zinazokwenda Usa River, harusini, kwenye ofisi za vijiji, hata msibani. Nimeona niipe jukwaa. Sauti nilizozipanga hapa nimezitunga kutokana na maneno ya watu wengi, kwa hiyo asitafutwe mtu fulani nyuma ya yeyote kati yao. Yuko Mzee mwenye shamba, yuko mkewe Mama Neema, yuko Mwalimu anayepanga mjini na anatafuta pa kujenga, yuko Dalali, na yuko Mpima ardhi. Mwandishi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza, na naeleza mapema kwamba nina upande.

Kwa asiyepajua, Maji ya Chai iko kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Tengeru na Usa River. Upande wa juu wa barabara ardhi inapanda kuelekea Ngurdoto na lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na huko ni migomba, kahawa na maparachichi. Upande wa chini mvua inapungua, mahindi yanategemea bahati, na kiangazi ni vumbi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikakuta 617,631. Hao laki mbili walioongezeka lazima walale mahali, na mtu wa kipato cha kawaida akiulizia kiwanja Njiro hurudi kimya. Ndiyo maana macho yamehamia mashariki.

MWALIMU: Shikamooni wazee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Karibu.

MWALIMU: Nianze kwa kusema sijaja kumpora mtu. Nimepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya kaya nne. Kodi inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, luku tunachangia, na kila mwisho wa mwezi kuna ugomvi wa nani ana friji na nani anapiga pasi usiku. Mkopo wa nyumba nimeulizia benki, wanataka hati, na hati ndiyo sina. Kwa hiyo nitajenga kama wenzangu wote: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua Mungu akijalia. Anayesema mashamba yasiuzwe aniambie kwanza mimi na mwanangu wa miaka minne tukaishi wapi.

DALALI: Mwalimu umesema kweli tupu. Na hapa hutajuta. Asubuhi kukiwa kweupe Meru unauona huku, Kilimanjaro unauona kule, uwanja wa ndege wa KIA jirani, mjini ni lami mwanzo mwisho. Mzee ana ekari moja upande wa juu. Ekari ni mita za mraba 4,047. Ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Toa njia, vinabaki viwanja vinane safi. Akiiuza kama shamba anapata bei ya shamba. Akiikata, anasomesha wajukuu.

MPIMA: Njia ya upana gani?

DALALI: Gari linapita.

MPIMA: Gari gani? La zimamoto linapita? La kunyonya choo linapita na kugeuza? Maana choo cha watu wanane kitajaa, na watakaokuwa mwisho wa njia watagundua kwamba gari linaishia kwa jirani wa tatu. Jambo la pili, hivyo viwanja vimepimwa kwa nini?

DALALI: Kwa hatua, kaka, kama kawaida.

MPIMA: Hatua za muuzaji huwa fupi. Nimekuta karatasi imeandikwa ishirini kwa ishirini, nikaweka mkanda, nikapata kumi na saba kwa kumi na sita. Mnunuzi alikuwa amelipia mita za mraba 400 akapewa 272. Na hakudanganywa gizani, alikuwa amesimama pale pale akihesabu hatua pamoja nao.

MWANDISHI: Hapa nimwombe msomaji asimwone Dalali kuwa ndiye mwovu wa mjadala huu. Dalali anajaza pengo. Ramani ya mipango miji inapochelewa kufika kijijini, mtu mwenye pikipiki na simu ndiye anayechora mtaa. Tutakaa humo miaka mia, na uliochorwa kwa hatua haufutiki kirahisi, kwa sababu kila kosa la njia limekwisha kujengewa ukuta.

MZEE: Mmeongea habari za mita. Mimi niongee habari za ardhi yenyewe. Hatukuiokota. Mjerumani aliuzungushia mlima huu mashamba ya walowezi, sisi tukabanwa katikati kama mkanda umekazwa tumboni. Mwingereza naye, Novemba 1951, akawatoa watu wetu Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, watu wapatao elfu tatu, ili walowezi wapate pa kufugia. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Wameru wakachanga fedha, Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na mwanasheria Earle Seaton akasimama naye. Kijana wa mlimani alikwenda kuiambia dunia kwamba ardhi yetu imechukuliwa. Mashamba hayakurudishwa pale pale, lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema kwamba hatuna sauti.

MWALIMU: Kisa hicho nakifundisha darasani, Mzee. Ndiyo maana nashangaa wewe kutaka kuuza.

MZEE: Hapo ndipo watu wa mjini mnapotukosea. Mnataka tuilinde ardhi kwa niaba ya historia, halafu ada nilipe kwa historia? Kahawa ilinisomesha mimi. Leo kahawa ya ekari hii haitoshi hata sare na madaftari. Baba yangu alikuwa na ekari nne, tukagawana wanaume wanne. Mimi nina wavulana watatu. Nikiwagawia, kila mmoja anapata pa kupanda migomba ya kuhesabu kwa vidole na kaburi la kunizika. Kirilo alipigania ardhi iwe yetu. Ikiwa yangu, basi na kuiuza ni juu yangu.

MAMA: Baba Neema, umesema "yangu" mara nyingi. Naomba na mimi niongee.

MZEE: Ongea.

MAMA: Nilikuja hapa msichana. Hiyo migomba ya kule mwisho niliipanda mimi, mbolea niliibeba kichwani kutoka bandani. Juzi mlileta karatasi ya mauziano, nikaitiwa nisaini. Ukurasa wa daftari la mistari, umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mhuri wa kijiji umeshapigwa kona ya chini. Juu kuna jina lako, "muuzaji". Nikatafuta langu. Nikalikuta chini kabisa, kwenye "mashahidi wa muuzaji", nimewekwa pamoja na jirani na mjumbe. Miaka yote hii nimelima, halafu nimekuwa shahidi?

MZEE: Ni namna tu ya kuandika, mama.

MPIMA: Si namna tu ya kuandika, Mzee, niwie radhi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo imewawekea kinga wanandoa. Shahidi anasema ameona mauzo. Anayeridhia anasema anakubali mauzo. Mahakamani hayo ni mambo mawili, na nimeona wanunuzi waliokwisha kupaua wakianza kesi upya kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa mahali pasipo pake.

MWALIMU: Kwa hiyo nikinunua kwa karatasi ile, ninanunua na kesi.

MPIMA: Unaweza kuwa umenunua kesi tupu. Tena hii ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, haki ya kimila haihamishwi kwa mhuri wa mtu mmoja mezani kwake. Ombi lipelekwe kwenye Halmashauri ya Kijiji, ikae kikao, iandike muhtasari. Na mnunuzi awe mkazi wa kijiji, au mtu anayekuja kuishi na kufanya kazi pale. Sheria haikuwafikiria wanaonunua na kuzungushia seng'enge wakisubiri bei ipande.

DALALI: Lakini mnajua wapo wengi.

MPIMA: Tunajua. Ndiyo maana kuna viwanja vya nyasi katikati ya nyumba, na bomba la maji linalazimika kuvirukia. Mwalimu, na wewe usivutwe na kiwanja kilichogusana na lami. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande wa barabara kuu, kuanzia katikati. Njia nne za Sakina hadi Tengeru zilipojengwa, watu waliona maana ya ile X nyekundu ukutani. Fremu nzuri haibishani na hifadhi ya barabara.

MZEE: Sisi mipaka yetu ni masale. Ukiona safu ya masale unajua hapa ni kwa fulani. Mmeru aking'oa isale la jirani anajua amefanya nini, na wazee watamwita.

MPIMA: Isale ni shahidi mzuri, Mzee, na mimi huanza nalo kabla ya kufungua mkanda. Ila anayetoka mbali halisomi. Anaona mmea, anamwambia fundi aufyeke apate pa kumwaga mchanga. Weka bikoni, na isale liache pembeni yake.

MAMA: Mmemaliza mipaka? Maana hamjaongelea maji, na mwenzetu amesema ana mtoto wa miaka minne.

DALALI: Maji yapo, mama. Kuna kisima hapo hapo.

MAMA: Kisima kipo. Mwanangu, nitazame nikicheka. Unaona meno yangu? Neema naye yako hivi hivi. Alipokwenda chuo Dodoma wenzake walimwambia apige mswaki. Alinipigia simu akilia. Tangu siku hiyo akicheka anaweka kiganja mdomoni, na ni binti mzuri, hana kosa lolote. Kwa hiyo anayekuja hapa na mtoto mdogo akaambiwa "maji yapo" tu, mimi siwezi kukaa kimya.

MWANDISHI: Na mimi siwezi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza kwa anayenunua Maji ya Chai, kabla ya bei na kabla ya mlima, na ndilo linaloulizwa mwisho, au lisiulizwe kabisa.

Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru, mlima ule ule ulioipa migomba udongo wake. Watu wengi hudhani ubaya ni ile rangi ya mto wa hapa, kahawia kama chai iliyokolea, kwa hiyo wakipata maji maangavu ya kisima wanaona wamepona. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kawaida haina ladha. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo tele, na visima viwili vya majirani vinaweza kupishana sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miongo mingi iliruhusu mpaka miligramu 8 kwenye maji ya vijijini, kwa sababu hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu. Baadaye ikashushwa kuwa 4, na sasa kiwango chetu ni hicho hicho 1.5. Watu wazima wa leo walinywa maji ya enzi ile ya 8.

Jino la mtoto hupata doa likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, yaani miaka ile minane ya mwanzo. Likishaota hakuna mswaki wa kulisafisha. Floraidi ikizidi sana, kwa miaka mingi, huingia kwenye mifupa: viungo hukakamaa, miguu ya watoto hupinda. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na floraidi inabaki yote, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unaikoleza. Magadi tunayolainishia makande nayo yanaweza kuongeza.

Dawa zipo. Hapo Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia iliyofanyiwa kazi sana ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa, husagwa chengachenga, maji hupitishwa humo. Dawa nyingine iko juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Nyumba yenye bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 ikinyesha, inaweza kuvuna hadi lita 1,000. Kaya ya watu watano ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, hizo ni siku 50. Kwa hiyo fundi anapokupa orodha ya vifaa, gata na tangi viandikwe ukurasa mmoja na bati, visiachwe vije "baadaye tukishahamia". Mtoto hangojei baadaye.

MWALIMU: Hakuna aliyeniambia haya. Nimetembezwa viwanja vingi, nimeonyeshwa mlima kila mara.

DALALI: Mimi mwenyewe meno yangu unayaona, Mwalimu. Sijaficha. Tumezaliwa nayo, tumeyazoea, hatuoni kama ni habari ya kumpa mteja.

MAMA: Ni habari. Kuanzia leo waambie.

DALALI: Sawa, mama. Nitawaambia.

MWALIMU: Sasa nirudi kwenye hoja. Nimeelewa maji, nimeelewa saini. Lakini bado hamjanijibu nikaishi wapi. Na msiniambie mgeni anaharibu kijiji.

MZEE: Wageni si wabaya. Pale Imbaseni tunaye Mmarekani mweusi, Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther huko Kansas City. Alikimbia kwao 1970, akafika Tanzania 1972 na mkewe Charlotte. Wakajenga makazi, na 1991 wakaanzisha kituo cha jamii, vijana wa kijiji wanajifunza kompyuta, lugha, sanaa. Lango liko wazi. Ninaowalalamikia ni wanaonunua, wanapandisha ukuta mpaka juu, wanaweka mbwa, na msiba ukitokea mtaani hawamjui hata marehemu.

MWALIMU: Ukuta ninaweza kuuacha. Msiba nitakuja.

MWANDISHI: Nitoe upande wangu sasa. Nadhani shamba la upande wa juu lisikatwe. Sisemi hivyo kwa kupenda kupiga picha migomba. Udongo ule una rutuba, mvua inafika, na chini ya mgomba mmoja kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi, pembeni kuna ng'ombe anayekula majani ya mgomba na kuurudishia mbolea. Ukiweka zege juu yake hutaupata tena, na Jiji la Arusha lenye watu zaidi ya laki sita linakula ndizi na mboga zinazotoka huku. Soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ndilo sahani ya mji.

Lakini Mwalimu ana haki kamili ya nyumba, na anayemnyima kwa jina la mazingira huku yeye mwenyewe amejenga Njiro hasikilizwi. Jibu ni kwamba tujifunze kukaa pamoja bila kila mmoja kutaka mita 400 na geti lake. Tangu 2008 tunayo sheria inayomruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Usa River na Maji ya Chai penyewe, kwenye vituo ambavyo tayari ni mji, zingeweza kujengwa nyumba za ghorofa mbili tatu, zenye tangi la mvua la pamoja na njia ya gari la kunyonya choo, na walimu na wauguzi wakanunua humo. Upande wa chini wa barabara upimwe mapema, njia zichorwe kabla ya nyumba. Tunafanya kinyume: nyumba kwanza, kisha urasimishaji, kisha kubomoa.

MZEE: Mwandishi, umesema vizuri, ila hujaniambia nani atalipa ada Januari. Mkitaka nisiuze, nunueni kahawa yangu kwa bei ya kuniwezesha kutouza.

MWANDISHI: Hapo sina jibu la kukupa mkononi, Mzee. Ni deni letu sisi tunaokula.

MAMA: Mimi ninalo la kusema. Ng'ombe wawili wa bandani wanalipa ada kuliko hiyo kahawa, Baba Neema, ila fedha ya maziwa inaingia kidogo kidogo, inapita mikononi mwangu, wewe huioni. Fedha ya kiwanja inakuja kwa mkupuo, unaiona. Ukikata shamba hili la juu, majani ya ng'ombe nitayatoa wapi? Utakuwa umeuza viwanja vinane na ng'ombe wawili.

MZEE: Hesabu hiyo sijawahi kuipiga.

MAMA: Sasa ipige. Na kuna kile kipande cha upande wa chini, nyuma ya shule, nusu ekari, ambako mahindi yamekauka misimu miwili. Hicho sing'ang'anii. Mwalimu akikipenda, tuongee.

DALALI: Kule mlima hauonekani vizuri, kuna miti.

MWALIMU: Mlima nitautazama nikishuka kwenye kosta. Mpima, nikichukua kule, nifanye nini kwanza?

MPIMA: Usilipe hata shilingi. Chukua maji ya kisima cha jirani wa karibu kwenye chupa safi, yapelekwe maabara ya maji, upate karatasi yenye kiwango cha floraidi. Mimi nitakuja na mkanda, tukubaliane njia ya mita sita kabla ya kukata kipande chochote. Halafu halmashauri ya kijiji ikae, na karatasi iandikwe upya: muuzaji, mke wa muuzaji anaridhia, kisha ndipo mashahidi.

MWALIMU: Na watoto wa Mzee? Umesema una wavulana watatu. Wote wanajua?

MZEE: Wawili wapo hapa, wanajua. Mkubwa yuko Mirerani, mgodini.

MWALIMU: Yeye ameambiwa?

MZEE: Simu yake haipatikani sana. Nilikuwa nimwambie tukishamaliza.

MAMA: Aambiwe kabla. Jumapili mdogo wake atapanda gari amfuate. Mwalimu, wewe nenda na hiyo chupa yako ya maji, na hela yako ikae huko huko ilipo.